Bwana na Bibi katika Shimo Moja: namna wakubwa wetu walivyotunza moyo wa mwenye kutafuta mutoto

Kuna methali ambayo watu wengi hapa kwetu wanaijua hata kama hawakukaa sana masomoni: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni methali ya busara. Lakini angalieni vizuri ni nani anayeisema. Anayeisema amekwisha zaa. Mwanamuke aliyekaa miaka nane ndani ya ndoa bila mutoto hawezi kuisema, na ukiisema mbele yake, atainama na kuangalia viatu vyake.

Katika vitabu kama hiki tunapenda kuandika juu ya furaha: mali ya ndoa, kuzaliwa kwa mapasa, kutawazwa kwa wafalme, ngoma za mavuno. Juu ya nyumba isiyo na mutoto tunanyamaza. Neno lenyewe ni zito mudomoni. Mugumba ni neno ambalo kwa haki lingeweza kusemwa juu ya mwanaume pia, lakini barabarani husikii likisemwa juu yake. Linatafuta bibi yake. Na Shirika la Afya la Dunia lilitangaza katika mwaka wa 2023 kwamba karibu mutu mukubwa mumoja kati ya 6 anapatwa na shida hiyo katika maisha yake. Kwa hiyo katika kila parcelle mbili tatu za mutaa wako, iko nyumba ambayo unapita mbele yake kila siku na haujui.

Swali langu si dawa gani inaleta mimba. Hilo ni la waganga wa hospitali. Swali langu ni la historia: wakati ule mwili unapotibiwa, mwezi unapita, mwezi mwingine unapita, nani alikuwa anatunza moyo wa yule mwanamuke, na kwa njia gani? Siku hizi huko Ulaya na Marekani kuna waganga wanaofundisha wagonjwa wao kupumua polepole, kulegeza mwili, kukaa pamoja katika kikundi na kusema yaliyo moyoni, ili wavumilie safari ya matibabu. Wanaita hiyo matunzo ya mwili na akili pamoja. Watu wengi wanafikiri ni jambo jipya kabisa. Mimi nilifikiri vile mpaka niliposoma habari za jirani zetu.

Jirani hao ni Wandembu. Ni watu wa jamii kubwa ya Lunda, wanaokaa Mwinilunga, kaskazini-magharibi ya Zambia, pale ambapo mipaka ya Zambia, Congo na Angola inakutana. Wenyewe wanasema wakubwa wao walitoka kwa Mwant Yav, kule Musumba, katika teritware ya Kapanga ambayo leo iko ndani ya jimbo la Lualaba. Mutu wa Kapanga, wa Sandoa ama wa Dilolo akisoma habari hizi, atatambua maneno mengi bila kuelezwa. Kati ya 1950 na 1954 mutaalamu wa mila Victor Turner, aliyezaliwa Glasgow, alikaa kwao pamoja na bibi yake Edith. Aliyoyaona aliyaandika katika vitabu vingi, na kimoja kilichotoka katika 1969 sura yake ya kwanza ni juu ya tambiko linaloitwa Isoma.

Isoma lilifanyiwa hasa mwanamuke ambaye mimba zake zinatoka moja nyuma ya nyingine. Jina linatoka katika kitendo ku-somoka, maana yake kuteleza na kutoka mahali pake. Wandembu walieleza sababu hivi: mukishi, ni kusema roho ya mufu, mara nyingi ya nyanya upande wa mama, amefunga uzazi wa mujukuu wake. Kwa nini anafunga? Sababu amesahauliwa. Wandembu wanahesabu ukoo upande wa mama, lakini mwanamuke akiolewa anakwenda kukaa kwa bwana yake, kati ya watu wa bwana. Kule anazoea, anapika, anacheka, na wafu wa nyumba ya mama yake wanatoka polepole ndani ya muchima wake. Muchima kwao ni ini, ndimo mawazo na mapenzi yanakaa. Ni ndugu ya neno letu mutima.

Najua mumekwisha sema: ushirikina huu, tufunge kitabu. Nami nilisema vile siku ya kwanza. Tena kuna jambo jingine linalonisumbua hata leo: kosa limewekwa tena juu ya mwanamuke. Ni yeye aliyesahau, ni yeye anayefungwa. Hapo wakubwa hawakuwa bora kuliko sisi. Lakini ngojeni kwanza. Sikilizeni maneno yenyewe yanamuambia nini mugonjwa. Hayamuambii kwamba tumbo lake limekufa. Yanamuambia limefungwa kwa muda, na aliyefunga si adui, ni mutu wake, ni nyanya aliyekasirika na anayeweza kutulizwa. Kati ya mwanamuke anayeambiwa «wewe ni mugumba» na mwanamuke anayeambiwa «nyanya yako anakutafuta», nani atalala usingizi?

Sasa tuone kazi yenyewe. Waganga wa Isoma walikwenda porini, karibu na chanzo cha kijito, kutafuta shimo la panya mukubwa ama la muhanga. Kwa nini wanyama hao? Sababu wanachimba shimo, kisha wanaziba mulango wake, kama vile tumbo la mugonjwa lilivyozibwa. Pale waganga walichimba mashimo mawili na kuyaunganisha kwa njia chini ya ardhi, yenye upana wa kupitisha mutu. Shimo moja lilikuwa la moto, upande wa kifo na uchawi. Karibu nalo waliwasha moto na kutia dawa ya kuchemka. Shimo la pili lilikuwa la baridi, upande wa uzima. Dawa yake haikupita motoni. Miti ya dawa haikuchaguliwa ovyo. Musoli ulitumiwa kwa sababu jina lake linakumbusha ku-solola, kufunua, kuleta mbele kitu kilichofichwa. Mulendi una ganda la kuteleza, mutu akiupanda anaanguka. Basi ugonjwa nao uteleze na kuanguka. Mutu anayejua lugha anapopakwa dawa hiyo anasikia pia maneno yake. Dawa inaingia kwa ngozi na kwa masikio.

Kisha aliingia mugonjwa. Na hapa njo penye moyo wa habari yangu: hakuingia peke yake. Bwana yake aliingia nyuma yake. Wote wawili walikuwa wamevaa kitambaa kidogo tu kiunoni, kama watoto wachanga na kama wafu wanaotayarishwa kuzikwa. Mwanamuke alishika kuku mudogo mweupe juu ya titi lake la kushoto, kama vile mama anavyoshika mutoto. Waliingia shimo la baridi, wakapita chini ya ardhi mpaka shimo la moto, wakarudi tena, wakaenda tena. Kila walipofika mulangoni mwa shimo, waganga waliwanyunyizia dawa mwili mzima. Wanaume walisimama upande wa kuume, wanawake upande wa kushoto, wakiimba. Turner alihesabu: mara 20 walinyunyiziwa, mara 13 upande wa baridi na mara 7 upande wa moto. Mwishoni jogoo mwekundu alichinjwa na damu yake ikamwagwa katika shimo la moto. Kuku mweupe hakuguswa. Aliondoka pamoja na bwana na bibi, wakakaa naye katika kibanda kidogo cha kujitenga, mpaka siku ile kuku alipotaga yai lake la kwanza.

Nimekaa sana juu ya habari hiyo ya yai. Mwanamuke ambaye amezoea kuhesabu siku za mwezi kwa woga, sasa anahesabu siku za kuku. Woga hauondoki, lakini umepata mahali pengine pa kukaa. Wakati wa kungoja umepewa umbo, una mwanzo na una mwisho, na mwisho wake ni kitu chepesi, cheupe, kinachoshikika mukononi. Mwenye kungoja jibu la labo leo hana kitu cha kushika isipokuwa simu.

Tena kuna jambo ambalo Turner analieleza vizuri: waganga wa matambiko hayo walikuwa ni watu waliokwisha kuwa wagonjwa wa tambiko lile lile. Hakuna aliyesoma Isoma kwa maneno tu. Aliyeimba mulangoni mwa shimo alikuwa amekwisha ingia shimo. Yule mugonjwa, akitazama juu kutoka chini ya ardhi, aliona nyuso za watu waliopita pale pale na sasa wamesimama katika jua. Na yeye mwenyewe akipona, alikuwa na njia ya kuwa muganga kesho. Shida yake haikumutoa katika kijiji, ilimupatia kazi ndani ya kijiji.

Upande mwingine wa Congo, kule Kwango, Wayaka walikuwa na tambiko lao, khita. Mubelgiji René Devisch alikaa kwao kutoka 1972 mpaka 1974, na kitabu chake kikubwa juu ya khita kilitoka katika 1993. Sitaeleza yote, ni kazi ndefu, ya majuma mengi, na mutu wa Kwango angeieleza vizuri kuliko mimi. Nachukua mambo mawili tu. La kwanza, Wayaka nao wanazungumza juu ya mwili uliofungwa, na matibabu yote ni kazi ya kufungua na kusuka upya, kama vile mufumaji anavyorudisha nyuzi zilizokatika. Nyuzi hizo ziko ndani ya mwili wa mwanamuke, lakini ziko pia kati yake na bwana, kati ya koo mbili, kati yake na mama ya mama yake. Ndiyo maana mujomba lazima awepo. Bila yeye kazi haianzi. La pili, mwanamuke anatengwa ndani ya nyumba ya tambiko, anapumzika na kazi za shamba na za maji, na mwili wake unarudishwa kwa ngoma na uchezaji, si kwa mafundisho. Hakuna anayekuja kumuambia «usifikiri sana». Ngoma inafanya kazi ile bila kuitaja. Anapotoka, anatoka kama mutu aliyezaliwa upya.

Je, mimba zilikuja? Wengine walizaa, wengine hapana, kama vile inavyokuwa kila mahali. Shimo la panya halifungui mirija iliyoharibika. Tusiwadanganye watoto wetu kwa sababu ya kupenda mila.

Na mirija mingi ilikuwa imeharibika kweli. Serikali ya Wabelgiji ilianza kuogopa upungufu wa uzazi, hasa katika Équateur. Tusiwape sifa kupita kiasi: nchi bila watoto ni nchi bila wafanya kazi, na jambo hilo walilihesabu vizuri. Lakini walihesabu pia watu. Uchunguzi mukubwa wa 1955 mpaka 1957, ambao mutaalamu Anatole Romaniuk aliuchambua katika kitabu chake cha 1967, ulionyesha kwamba Congo haikuwa nchi moja katika jambo la uzazi. Kuna wilaya ambazo wamama walizaa sana, na kuna wilaya, za Wamongo na za Uele, ambazo wanawake wengi mno walifikia uzee bila kuzaa hata mara moja. Kule Befale, katika Tshuapa, shirika la Fonds du Bien-Être Indigène lililoundwa katika 1947 lilifungua kazi ya kuchunguza na kutibu wagumba. Sababu kubwa iliyoonekana ni magonjwa ya zinaa, ambayo yalikuwa yametembea pamoja na njia mpya, kazi ya lazima, wasafiri na maaskari. Nayo hali hiyo haikwisha na ukoloni. Uchunguzi wa Shirika la Afya la Dunia katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mirija iliyozibwa na ambukizo ilikuwa sababu yenye nguvu katika Afrika kuliko katika mabara mengine.

Penisilini ilifanya kazi ambayo Isoma haikuweza, na tuseme asante. Lakini angalieni kitu kilichopotea njiani. Mugonjwa sasa alikuwa namba katika daftari. Mwanamuke alipangwa mustari, alilala juu ya meza, aliangaliwa na mutu asiyejua jina la nyanya yake, akarudi nyumbani na karatasi. Bwana alibaki kazini.

Kwetu Katanga jambo hilo lilikuwa na sura yake yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vijana wanaokuja na kurudi, ikataka wafanya kazi wakae na bibi zao na watoto kambini. Ikajenga nyumba za kuzalia na mahali pa kupimia watoto wachanga. Posho ilipimwa kwa bwana, kwa bibi, kwa kila mutoto. Mutu aliyekulia kambini atakumbuka namna kila kitu kilivyoonekana: siku ya posho kila mutu aliona jirani anabeba nini. Nyumba ya watu wawili ilirudi na kifuko chepesi. Hakuna aliyehitaji kusema neno.

Katika kambi hizo hizo njo palizaliwa kitu ambacho, kwa maoni yangu, ni jibu la kwanza la mujini kwa maumivu yale. Mupadri Placide Tempels, Mufransisko aliyefika Congo katika 1933, alijulikana duniani kwa kitabu chake juu ya filozofi ya Wabantu, kilichotoka Élisabethville katika 1945. Lakini wazee wa Kolwezi hawamukumbuki kwa sababu ya kitabu. Wanamukumbuka kwa sababu ya Jamaa. Katika 1953, kambini Ruwe, alianza kukaa na wafanya kazi na bibi zao, si kuhubiri tu, kuzungumza nao, kuwauliza wanataka nini katika maisha. Alikuta mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Juu ya mawazo hayo matatu Jamaa ilijengwa, kwa Kiswahili chetu hiki cha kambini, na ikaenea katika muji baada ya muji mpaka Kasai. Johannes Fabian alikuja kuichunguza katika miaka ya 1960 na kitabu chake kilitoka katika 1971.

Angalieni neno la katikati: uzazi. Katika Jamaa uzazi haukuwa wa damu tu. Bwana na bibi waliingia pamoja; mumoja hakuweza kuingia na kuacha mwenzake nje. Walifundishwa kufungua mioyo, kuambiana mawazo yao, usiku nyumbani, hata yale ambayo mwanaume wa kazi hapendi kumuambia bibi yake. Na wakikomaa, waliwazaa wengine kwa roho: bwana na bibi wengine waliofundishwa nao waliwaita baba na mama. Sasa fikirini watu wawili wenye kifuko chepesi siku ya posho. Hapa wanaitwa baba, wanaitwa mama, mbele ya wote, na si kwa huruma. Sisemi kwamba Jamaa iliundwa kwa ajili ya wagumba, hapana. Lakini naona iliwafungulia mulango ambao kambi iliwafungia. Tempels aliondoka Congo katika 1962 na akafa Ubelgiji katika 1977. Maaskofu hawakuipenda Jamaa siku zote, na walikuwa na sababu zao, sababu kulitokea vikundi vilivyopotoka. Hiyo ni habari ya kitabu kingine.

Sasa tuvuke bahari. Katika 1975 Herbert Benson, muganga wa Harvard kule Boston, alitoa kitabu juu ya namna mwili unavyotulia mutu akikaa kimya, akirudia neno moja na kupumua polepole: moyo unapunguza mbio, pressure inashuka. Katika 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mutoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa katika chombo cha labo, na tangu hapo safari ya matibabu ikawa ndefu zaidi, ya bei kali zaidi, yenye sindano nyingi zaidi. Karibu miaka 10 baadaye, katika 1987, Alice Domar alianza kule kule Boston kikundi cha wanawake wenye kutafuta mutoto. Walikutana mara moja kwa juma, majuma 10. Walijifunza kupumua na kulegeza mwili, kunyoosha viungo, kuandika yaliyo moyoni, kujibu yale mawazo yanayowapiga usiku, na kusikilizana. Mabwana nao walialikwa siku fulani. Katika 1993 yeye na wenzake walionyesha jambo lililoshangaza waganga: huzuni ya wanawake hao ilikuwa sawa na ya wagonjwa wa kansa ao wa moyo. Mama yeyote wa kwetu angewaambia hivyo bure.

Mazoezi yenyewe si magumu, na hayaombi franka. Mutu anakaa, ama analala chali, anaweka mukono juu ya tumbo, anavuta pumzi mpaka mukono unapanda, anaiacha itoke polepole kuliko ilivyoingia. Anafanya vile dakika 10, 15. Anaweza kukaza miguu kisha kuiachilia, mikono, mabega, uso. Wengi wanayafanya asubuhi ya siku ya sindano, ama usiku wa kungoja jibu. Yanapunguza woga na huzuni. Juu ya hilo ushahidi ni mwingi. Katika 2015 chama cha wataalamu wa uzazi wa Ulaya kilitoa hata mwongozo kwamba kuangalia moyo wa mugonjwa ni sehemu ya kazi ya kila mutumishi wa kliniki, kutoka mupokezi mpaka muganga mukubwa.

Lakini je, kutuliza moyo kunaleta mimba? Hapa nawaomba musome polepole, maana juu ya neno hili watu wanaumizwa sana. Wanawake wanaambiwa kila siku: unafikiri sana, njo sababu haupate mimba, acha kufikiri, utazaa. Anayesema anadhani anafariji. Kumbe ameongeza muzigo, sababu sasa hata machozi yake yamekuwa kosa. Katika 2011 Jacky Boivin na wenzake walikusanya uchunguzi 14, wenye wanawake 3.583 waliofanyiwa matibabu ya labo. Walikuta kwamba wale walioanza matibabu na huzuni ama woga mwingi hawakupata mimba kidogo kuliko wale waliokuwa watulivu. Huzuni haikufunga tumbo lao. Kwa hiyo mazoezi haya tuyafundishe kwa sababu mutu anayeteseka anastahili kutunzwa, basi. Mwenye kuuza pumzi kama dawa ya mimba, mumukimbie kama vile munavyokimbia mwenye kuuza chupa za maji ya baraka kwa dola 50.

Na hapo ninafika kwetu, leo. Mwanamuke wa Lubumbashi ama wa Likasi mwenye shida hii ana njia mbili mbele yake, na mara nyingi anapita zote mbili juma moja. Asubuhi anakwenda kliniki: ekografi, vipimo vya damu, picha ya mirija. Jioni anakwenda chumba cha maombi. Sitaki kusema vibaya juu ya maombi. Nami ninaomba, na nimeona wanawake waliopata kule wenzao wa kulia nao, jambo ambalo kliniki haikuwapa. Lakini kuna vyumba ambamo swali la kwanza ni: nani katika familia yako amekufunga? Na jibu karibu siku zote ni mwanamuke muzee. Nyanya. Shangazi aliyebaki mujane. Angalieni namna swali la zamani limegeuka. Wandembu nao waliuliza nani amefunga, nao walijibu nyanya. Lakini kwao jibu lilikuwa: umemusahau, mukumbuke, murudishe ndani ya mutima. Siku hizi jibu ni: umufukuze. Nyanya wa Isoma alikuwa amekufa na alitulizwa. Nyanya wa leo yuko hai, anakaa katika chumba cha nyuma, na kesho atawekwa inje na mukeka wake. Kisha mimba haiji, na nyumba ina watu wawili wa kulia badala ya mumoja.

Wengine katika chama chetu waliniuliza kama nataka turudi kuchimba mashimo. Hapana. Sina kuku mweupe wa kuuzia mutu. Ila nikitazama Isoma, khita, Jamaa, na kikundi kile cha Boston, naona mwili unaguswa ama unachezeshwa ama unatulizwa, naona aliyepita mbele anamushika mukono anayefuata, naona wakati wa kungoja unapewa kazi. Hayo yote mama mumoja anaweza kuyapata leo kwa kuwatafuta wenzake wanne na mukeka. Lile ambalo hawezi kulipata peke yake ni la shimo la pili: yule mutu wa nyuma, mwenye kitambaa kidogo kiunoni, anayenyunyiziwa dawa ile ile.

Yaya yangu alitafuta mutoto miaka 11. Sitamutaja jina, wala kliniki, wala bwana yake, ambaye ni mutu mwema na tunasalimiana vizuri. Alipita sindano, alipita picha ya mirija, ambayo anasema ilimuuma kuliko alivyoambiwa. Alijifunza ile pumzi ya mukono juu ya tumbo kwa mamasere mumoja, akawa anaifanya ndani ya taxi-bus, macho wazi, watu wakifikiri anahesabu mabadiliko yake. Miaka saba ya kwanza hakuna aliyemupima bwana. Muganga alikuwa ameomba, karatasi ilikuwa imeandikwa, karatasi ilikaa ndani ya Biblia nyumbani. Yaya hakumulazimisha. Alisema ukimulazimisha mwanaume kwa jambo lile, unaweza kukosa mutoto na kukosa bwana.

Siku moja aliniomba nimusindikize asubuhi mapema, sababu ilikuwa siku ya jibu na hakutaka kusikia peke yake. Tulikaa katika kuluari, juu ya ile benchi ya mbao, wanawake 14, niliwahesabu, na mimi mwanaume peke yangu. Karibu saa tatu mulango wa inje ulifunguka. Bwana yake aliingia, na nguo za kazi, na vumbi ya concentrateur bado juu ya viatu. Alikuwa na ile karatasi mukononi, imekunjwa mara nne, imekuwa laini kama kitambaa. Hakusema kitu. Nikainuka kumupa nafasi, akakaa karibu na yaya, na wale wanawake 13 wengine wakasogea kidogo, mumoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa benchi, ili mabega yake yaingie.